Geji Haijui Kilichobaki

Kwenye meza ya kujazia mitungi ya peintiboli, mchezo wa kurushiana vidonge vya rangi kwa bunduki zinazoendeshwa na gesi, kuna swali ambalo haliishi: "Huu umebaki na gesi kiasi gani?" Mchezaji anakuja ametapakaa rangi, ananyoosha mtungi wake, kisha anakutazama kana kwamba ukiushika tu utamjibu. Jibu linategemea jambo ambalo wengi wao hawajalifikiria, nalo ni aina ya gesi iliyomo. Ikiwa ni hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, geji ndogo ya presha iliyo shingoni mwa mtungi inatosha, mradi isomwe kwa akili. Ikiwa ni kabonidayoksaidi, geji hiyo haisemi lolote kuhusu kiasi kilichobaki kwa muda mrefu wa matumizi ya mtungi, na anayeitegemea ataishiwa katikati ya mchezo ilhali mshale haukumwonya mpaka dakika za mwisho.

Ninaishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako mwishoni mwa wiki ninasaidia kwenye uwanja mmoja wa peintiboli, na kazi yangu kubwa ni hiyo meza ya kujazia. Huku majira ya joto yanaweza kufikisha nyuzijoto 30 na zaidi, na majira ya baridi yanakaa chini ya sifuri wiki nzima, na bado watu wanacheza. Tofauti hiyo ya joto ndiyo inayolifanya suala la gesi iliyobaki listahili makala badala ya sentensi mbili, kwa sababu mtungi uleule, wenye gesi kiasi kilekile, unasoma namba tofauti kabisa mwezi Julai na mwezi Januari.

Mchezo wenyewe ulianza bila tatizo hili. Tarehe 27 Juni 1981, wanaume 12 waliingia msituni huko Henniker, jimbo la New Hampshire, kila mmoja akiwa na bastola ya Nelspot 007, kifaa ambacho kampuni ya Daisy ilikitengeneza kwa ajili ya kampuni ya rangi ya Nelson ili mabwana misitu waweke alama kwenye miti na wafugaji waweke alama kwa ng'ombe. Bastola hiyo ilisukumwa na kikopo kidogo cha kabonidayoksaidi cha gramu 12, ambacho hutoa risasi 20 hadi 30 hivi, kisha hutupwa na kutiwa kingine. Kujua kilichobaki ilikuwa kazi ya kuhesabu tu. Mshindi wa siku hiyo, bwana misitu aitwaye Ritchie White, alikusanya bendera zote bila kufyatua hata mara moja, kwa hiyo yeye hata kuhesabu hakuhitaji. Shida ilikuja baadaye, bunduki zilipoanza kurusha vidonge vingi kwa haraka na kikopo kikabadilishwa kwa mtungi wa kufungwa nyuma ya mpini, unaojazwa upya na kubeba gesi ya mamia ya risasi. Hapo ndipo hesabu ya kichwani ilipoanza kumpotea mchezaji.

Nianze na kabonidayoksaidi, kwa kuwa ndiko kwenye utata. Gesi hii ikishindiliwa katika joto la kawaida haibaki kuwa gesi. Sehemu yake kubwa hugeuka kimiminika. Ndani ya mtungi uliojazwa kuna kimiminika chini na mvuke juu yake. Unapofyatua, mvuke kidogo unatoka, presha inapungua kidogo, na papo hapo sehemu ya kimiminika inachemka kuziba pengo mpaka presha irudi ilipokuwa. Na hapo ilipokuwa panaamuliwa na joto peke yake. Kwenye nyuzijoto 20, presha ya mvuke huo husomeka karibu psi 820, yaani pauni 820 kwa kila inchi ya mraba. Kwenye nyuzijoto 30 inapanda hadi karibu 1,030. Kwenye sifuri inashuka hadi karibu 500, na kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri ni kama 370 tu. Namba hizo ni zilezile kwa mtungi uliotoka kujazwa leo na kwa mtungi uliokwisha kutumika zaidi ya nusu, alimradi ndani bado mna kimiminika hata cha kijiko kimoja, na mvuke juu yake. Geji iliyofungwa kwenye mtungi wa kabonidayoksaidi ni kipimajoto cha bei ghali.

Ni vizuri kulifanyia jambo hili hesabu, maana ukiliacha kwenye maneno tu watu hulipokea kama porojo za mafundi. Chukua mtungi wa wakia 20, ambao ni wa kawaida sana kwa wachezaji wa hapa. Wakia 20 ni uzito wa gesi inayopaswa kuwamo, sawa na gramu 567. Kanuni za usalama za Marekani zinataka uzito wa kabonidayoksaidi usizidi asilimia 68 ya uzito wa maji ambayo mtungi huo ungeweza kubeba, kwa hiyo mtungi wenyewe una ujazo wa lita 0.83 hivi. Kwenye nyuzijoto 20, lita moja ya mvuke ulioshiba ina uzito wa gramu 194. Maana yake ni kwamba tone la mwisho la kimiminika linapokwisha, mtungi mzima umejaa mvuke mtupu wenye uzito wa gramu 160 hivi, zaidi kidogo ya robo ya gesi yote. Kuanzia ulipojazwa hadi hapo, geji ilikuwa inasoma 820 bila kutikisika. Baada ya hapo ndipo mshale unapoanza kuteremka, lakini si gramu zote 160 zinazoweza kutumika, kwa sababu bunduki nyingi za kabonidayoksaidi zinaanza kusuasua presha ikikaribia psi 500, na wakati huo ndani bado mna gramu 70 hivi ambazo hazina nguvu ya kufanya kazi. Kwa hiyo gesi inayoweza kusomwa kwenye geji na bado ikafaa ni gramu 90 tu kati ya 567. Gramu 400 na zaidi zinatoka geji ikiwa imenyamaza.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alianza mchezo huu kwa bunduki ya mtumba na mtungi wa kabonidayoksaidi, na duka moja la vifaa vya michezo likamuuzia geji ya kuongeza kwenye kiungio cha mtungi, kwa maelezo kwamba sasa atakuwa anajua gesi yake. Siku moja akanipigia simu akiwa uwanjani. "Shikamoo, mjomba. Geji bado inasoma mia nane, mbona risasi zinadondoka njiani?" Nikamwambia apumzishe bunduki dakika kadhaa, kisha aniambie geji ilikuwa inasoma ngapi alipokuwa anafyatua mfululizo, wala si sasa akiwa amesimama anazungumza na simu. Akarudi kunijibu kwamba ikifyatuliwa haraka mshale unaanguka hadi mia tano na kitu, akitulia unapanda tena. Alidhani geji ni mbovu. Geji ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa inamwonyesha kitu asichokiuliza.

Kinachotokea ni kwamba kimiminika kinahitaji joto ili kichemke, na joto hilo kinalitoa kwenye mtungi wenyewe. Ukifyatua taratibu, hewa ya nje inapata nafasi ya kuupasha mtungi tena. Ukifyatua mfululizo, mtungi unapoa kwa kasi kuliko unavyopashwa, unaanza kutoa jasho la umande, kisha ukungu mweupe wa barafu, na presha inashuka kwa sababu ya baridi ingawa gesi ingali nyingi. Ukipumzika, mtungi unapata joto na presha inapanda, na mchezaji asiyejua anafurahi akidhani ana mtungi uliojaa. Mara moja gesi inaonekana imekwisha kumbe ipo, mara nyingine inaonekana ipo kumbe imebaki ya dakika chache. Wakati wa baridi hali ni mbaya zaidi. Asubuhi ya Januari, mtungi uliolala kwenye gari nje unaweza kufika uwanjani umejaa pomoni na ukasoma psi 370, na bunduki isifyatue hata kidonge kimoja sawasawa. Nimewaona watu wakiuleta mtungi kama huo mezani na kutaka ujazwe. Haujazwi, maana umejaa. Unahitaji kuwekwa ndani ya koti kwa muda, na si karibu na hita kamwe.

Upande wa pili wa joto una hatari zake. Kabonidayoksaidi ikivuka nyuzijoto 31, kimiminika na mvuke havitofautiani tena. Ndani ya mtungi mnakuwa na kitu kimoja kizito kisicho na uso wala mpaka. Msomaji aliye Dar es Salaam au Mombasa aelewe kwamba mchana wa Februari mtungi uliowekwa kivulini tu unaweza kuwa umeshavuka mpaka huo. Hata kabla ya hapo, mtungi uliojazwa kwa kipimo halali cha asilimia 68 hujaa kimiminika pote joto linapokaribia nyuzi 27, kwa kuwa kimiminika hicho hutanuka sana kikipata joto, na kuanzia hapo presha inapanda kwa kasi. Ndani ya gari lililofungwa juani, kwenye nyuzijoto 50, mtungi uliojazwa sawasawa hufikia karibu psi 2,000. Ukiwa umezidishwa kipimo, presha inapita hapo, na ndiyo maana valvu ina kisahani chembamba cha chuma kilichowekwa makusudi kipasuke karibu na psi 3,000 ili gesi itoke kabla mtungi wenyewe haujapasuka. Kwenye joto la namna hiyo ni kweli kwamba geji hutofautisha mtungi uliojaa na uliopungua, lakini ili uielewe ingekubidi ujue joto la ndani kwa usahihi na uwe na jedwali mkononi. Sijamwona mchezaji wa namna hiyo.

Wasomaji wengi hapa hawajawahi kushika bunduki ya peintiboli, lakini fizikia hii wanaishi nayo jikoni. Mtungi wa gesi ya kupikia una kimiminika chini na mvuke juu vilevile, na ndiyo sababu moto unawaka kwa nguvu ileile mpaka siku gesi inapokata ukiwa unasonga ugali. Tofauti ni kwamba gesi ya kupikia haina ule mpaka wa nyuzijoto 31, kwa sababu propani na butani zinaendelea kukubali kuwa kimiminika kwenye joto kali zaidi ya lolote litakalofika jikoni. Kwa hiyo mtungi wa jikoni ni mtulivu zaidi na geji yake inaficha zaidi. Lakini watu wa gesi ya kupikia wameshalimaliza suala hili zamani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, na muuzaji makini ana mizani dukani. Anaupima mbele yako, anatoa uzito wa chuma, mnamaliza.

Na mizani ndiyo jibu kwa peintiboli pia. Jambo linalonishangaza ni kwamba anayeujaza mtungi wa kabonidayoksaidi anaujaza kwa mizani, hana njia nyingine ya kujua aishie wapi, na mchezaji anasimama pale anaangalia namba zikipanda, halafu anaondoka na geji yake akiamini kwamba yeye ana njia bora zaidi. Mizani ya jikoni ya kidijitali inayobeba kilo 5 na kusoma gramu moja moja inatosha kabisa, na bei yake ni ndogo kuliko ile ya geji aliyouziwa mpwa wangu.

Pale mezani nafanya hivi. Kwanza mtungi unafunguliwa kutoka kwenye bunduki, kwa sababu hakuna anayejua uzito wa bunduki na vidonge vilivyobaki kwenye hopa, yaani kile kikasha cha vidonge juu ya bunduki. Naufuta kwa kitambaa, maana barafu na matope vina uzito na vinadanganya. Kwa kuwa mtungi ni mviringo na ukilazwa unabingirika, naweka roli ya utepe wa gundi juu ya mizani, nabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha naukalisha mtungi juu yake kitako kikiwa chini. Nasubiri namba itulie. Uzito wa mtungi mtupu mara nyingine umeandikwa kwenye lebo, lakini mitungi ya mtumba imekwisha kubadilishwa valvu, imeongezewa swichi na vikinga vya mpira, kwa hiyo ile namba ya kiwandani haifai tena. Ni bora kila mtu aupime wake siku umekwisha kabisa, ukiwa na vikorombwezo vyake vyote, aiandike namba hiyo kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha utepe wa gundi na kukibandika ubavuni.

Tuseme mtungi wa wakia 20 ukiwa mtupu ni gramu 745. Ukijaa utakuwa gramu 1,312. Baada ya michezo miwili unasoma 985. Ndani mna gramu 240, toa zile 70 zisizo na nguvu, unabaki na 170. Wachezaji wana kanuni ya kukadiria kwamba wakia moja ya kabonidayoksaidi hutoa risasi kama 50, yaani gramu moja ni karibu risasi mbili. Kwa hiyo una risasi 300 hivi, sawa na hopa moja na nusu ikiwa hopa yako inabeba vidonge 200. Hakuna geji itakayokupa jibu kama hilo. Kanuni hiyo ya 50 inapungua wakati wa baridi na kwa bunduki zilizochakaa mipira, na kila mtu anaweza kuirekebisha kwa bunduki yake: pima kabla, rusha hopa moja, pima baada.

Zipo njia nyingine ambazo watu hunieleza kwa kujiamini sana. Kutikisa mtungi na kusikiliza kimiminika kikigonga ndani kunafaa kwa swali moja tu, kwamba kimiminika kipo au hakipo. Na siku ya joto kali hakitasikika hata kama mtungi umejaa, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Kumwagia maji ya uvuguvugu na kutafuta mstari wa baridi, njia inayotumika sana kwa mitungi ya jikoni, haifanyi kazi vizuri hapa: mitungi ya peintiboli ya kabonidayoksaidi kwa kawaida ni ya alumini, na alumini inasambaza joto haraka mno kiasi kwamba mstari unafifia kabla kidole hakijaupata. Barafu inayojitokeza ubavuni baada ya kufyatua mfululizo huonyesha mahali kimiminika kilipoishia, na hiyo ina ukweli ndani yake, ila inataka ufyatue gesi nyingi ili ujue umebakiza kiasi gani. Kuhesabu vidonge nakuheshimu zaidi. Anayekumbuka kwamba amemimina hopa tatu tangu alipojaza ana taarifa bora kuliko mwenye geji ya kabonidayoksaidi.

Kwa hewa iliyoshindiliwa habari ni nyingine, na ni nyepesi zaidi. Hewa haigeuki kimiminika kwenye joto letu hata ukiishindilia namna gani, kwa hiyo kila risasi inaposhusha kiasi cha hewa, presha nayo inashuka, na geji inafuata. Mitungi hii huandikwa kwa namba mbili: ujazo wa inchi za ujazo na presha ya juu kabisa, kwa mfano 48/3000 au 68/4500. Pamoja na uaminifu wa geji yake, bado kuna mambo matatu yanayowachanganya watu.

La kwanza ni kwamba sifuri ya geji siyo sifuri ya mchezaji. Mtungi wa hewa una regyuleta shingoni inayopunguza presha hadi karibu psi 800 kabla haijaingia kwenye bunduki, ingawa zipo zinazotoa zaidi ya hapo kidogo na zipo za presha ya chini zinazotoa 450 hivi. Presha ya mtungi ikishafika hapo, regyuleta haina cha kupunguza, na kila risasi inayofuata inatoka dhaifu kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo kwenye mtungi wa 4,500 unatumia psi 3,700 na kuacha 800. Kwenye mtungi wa 3,000 unatumia 2,200 na kuacha zilezile 800. Anayesoma 1,000 na kusema "bado ninayo nyingi" ana psi 200 tu za kuchezea. Kwa wachezaji wapya ninachora alama nyekundu kwenye kioo cha geji pale kwenye 800, na maswali yanapungua.

La pili ni kwamba psi za juu ni nyepesi kuliko psi za chini. Hewa ikishindiliwa sana inaanza kugoma, na kwenye psi 4,500 mtungi unabeba pungufu ya asilimia 10 hivi kuliko hesabu rahisi ingetarajia. Ndiyo maana mshale unakimbia haraka mwanzoni mwa mtungi uliojazwa hadi 4,500, watu wanashtuka na kudhani valvu inavuja, kisha unatulia. Kwa mtungi huo, ukikumbuka pia zile 800 zisizotumika, nusu ya hewa inayotumika imekwisha mshale unapofika karibu 2,500, wala si 2,250 ambayo ni katikati ya geji. Kwa mtungi wa 3,000, nusu hiyo iko karibu 1,900.

La tatu ndilo linaloleta ugomvi mezani. Hewa ikijazwa haraka inapata joto, na hewa yenye joto ina presha kubwa. Mtungi unaondoka mezani unasoma 4,500, mchezaji anakwenda kusubiri zamu yake, unapoa, anarudi akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa kwa sababu geji inasoma 4,000 na hajafyatua hata kimoja. Hakuna kilichovuja wala hakuna aliyempunja makusudi. Mtungi uliofikia nyuzijoto 60 wakati wa kujazwa ukirudi kwenye 20 utapoteza karibu sehemu moja ya nane ya presha yake. Dawa ni kujaza polepole, au kuuacha upoe kisha kuuongezea, na meza yenye foleni ndefu haina subira ya kufanya yote mawili. Mimi hukubali kuongeza bila malipo, na ningependa iwe hivyo kila mahali, maana aliyelipia mtungi mzima anastahili mtungi mzima baada ya kupoa.

Hewa nayo ina uzito, na mtungi wa 68/4500 ukijaa huwa umebeba kama gramu 370 za hewa. Unaweza kuupima kwa mizani ukitaka, na nimewahi kufanya hivyo geji ilipokwama, lakini kwa matumizi ya kila siku hakuna haja. Tahadhari tu kwamba geji hizi ndogo si vyombo vya maabara. Kioo chake ni kidogo, mistari yake inaruka mia tano mia tano, na ikigongwa kwenye ukuta wa mbao mshale unaweza kubaki pale ulipo milele. Geji isiyorudi sifuri mtungi ukiwa mtupu ibadilishwe na fundi anayejua, si kuzoewa.

Kuna wakati hupati nafasi ya kuangalia geji wala mizani kwa sababu uko nyuma ya pipa na watu wanakuja. Hapo bunduki yenyewe inazungumza. Mlio unabadilika, unakuwa mzito na wa chini. Vidonge vinaanza kudondoka kabla ya shabaha. Bunduki za kimakanika zinazojikoki kwa nguvu ya gesi, kama Tippmann 98, zina tabia ya kutisha kidogo gesi inapokaribia kwisha: presha haitoshi kurudisha nyundo hadi inaponaswa, kwa hiyo unavuta kifyatulio mara moja na bunduki inarusha vidonge mfululizo yenyewe. Wanaoanza hufikiri imeharibika, au hufurahi. Ikifanya hivyo elekeza mdomo chini na utoke uwanjani. Kwenye kipima kasi, bunduki iliyorekebishwa asubuhi irushe futi 280 kwa sekunde itaanza kusoma 250, kisha 220, na kushuka huko kunatosha kuwa taarifa, mradi si baridi inayosababisha.

Jambo ambalo silikubali mezani kwangu ni mtu kufungua gesi kidogo "asikie" kama bado ipo. Kabonidayoksaidi inayotoka hupoa kiasi cha kuunguza ngozi kwa barafu, na kuna hatari kubwa zaidi iliyojificha hapo: valvu nayo imefungwa kwenye mtungi kwa hesi, na mtu anayezungusha mtungi kuutoa kwenye bunduki anaweza kuwa anafungua mtungi kutoka kwenye valvu badala ya valvu kutoka kwenye bunduki. Mtungi uliobaki na gesi ukiachia valvu yake unaruka kwa nguvu, na huko Marekani watu wamewahi kufa kwa namna hiyo. Chora mstari mmoja kwa rangi ya kucha kuanzia kwenye valvu kushuka hadi kwenye mtungi. Unapozungusha, mstari ubaki umenyooka. Ukiona nusu ya juu imeachana na nusu ya chini, simama hapohapo, usizungushe tena upande wowote, uache mtungi ulipo na umwite anayehusika na ujazaji.

Siku ikiisha, mtungi wa hewa usiupeleke nyumbani mtupu kabisa. Ukiachiwa psi mia chache, unyevu na vumbi havipati njia ya kuingia, na wiki ijayo geji ikisoma namba ileile utajua pia kwamba hauvuji. Wa kabonidayoksaidi uandike uzito wake wa leo kwenye ule utepe wa ubavuni, chini ya uzito wa mtupu, uupime tena kabla ya kuja uwanjani, na uuweke mahali penye ubaridi pasipofikiwa na jua wala watoto.